Nambari Iliyoitwa Tasa

Sisi tunaosoma fasihi tuna mazoea ya kuikimbia hisabati. Wengi wetu tulijiunga na idara za Kiswahili kwa furaha mbili: furaha ya kuipata lugha tuliyoipenda, na furaha ya kuagana na mahesabu tuliyoyaogopa. Makala haya hayakusudii kumgeuza mtu yeyote awe mwanahisabati. Yanakusudia kueleza jinsi nambari moja kubwa, yenye tarakimu ishirini na moja, ilivyonifanya nilitazame upya neno moja la Kiswahili ambalo ndilo kiini cha utafiti wangu wa uzamili. Neno lenyewe ni tasa. Nambari yenyewe ni hii:

147,573,952,589,676,412,927

Utafiti wangu unahusu taswira ya mwanamke asiyezaa katika ngano na methali. Kazi ya mwanzo ya utafiti wa namna hiyo ni kukusanya matumizi ya neno popote yanapopatikana: katika kamusi, katika masimulizi, katika matusi ya sokoni na katika dua za wazee. Katika kukusanya huko nilikumbana na istilahi ambayo sikuitarajia, katika kitabu cha hisabati cha shule ya msingi kilichoandikwa Tanzania. Istilahi hiyo ni namba tasa. Sisi wa Kenya, tuliofundishwa hisabati kwa Kiingereza, aghalabu hatukupata kuisikia. Wenzetu wa Tanzania, ambako somo hilo hufundishwa kwa Kiswahili katika shule za msingi za umma, wanaifahamu tangu utotoni, sambamba na namba shufwa, yaani zile zinazogawanyika kwa mbili, na namba witiri, yaani zile zisizogawanyika kwa mbili. Namba tasa ni nambari yoyote iliyo kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mifano yake ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13.

Nilijiuliza: nambari hizi zimekosa nini hata zikaitwa hivyo? Ili kulijibu swali hilo, sharti kwanza tuifahamu dhana yenyewe, na njia iliyo rahisi ni kutumia kete za bao. Chukua kete kumi na mbili uzipange sakafuni kwa safu zinazolingana. Utapata safu tatu zenye kete nne nne, au safu mbili zenye kete sita sita. Ongeza kete moja, ziwe kumi na tatu, kisha ujaribu tena. Utapanga na kupangua, na kila mara kete moja au zaidi zitabaki nje ya safu. Namna pekee itakayokubali ni kuziweka zote katika mstari mmoja. Kumi na mbili hupangika. Kumi na tatu ni tasa.

Bao hilohilo ndilo litakalotufikisha kwenye nambari yetu. Bao la Kiswahili lina mashimo thelathini na mawili, yakiwa safu nne zenye mashimo manane kila moja. Tuchukulie kwamba, badala ya kulicheza, tunatia kete moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, kila shimo likipokea maradufu ya lililotangulia. Baada ya mashimo mawili jumla ya kete ni 3; baada ya matatu ni 7; baada ya manne ni 15; baada ya matano ni 31. Jumla hiyo daima hupungua kwa moja tu kuifikia idadi ambayo ingetiwa katika shimo linalofuata. Kwa lugha ya wanahisabati, jumla ya kete zote ni mbili kwa kipeo cha idadi ya mashimo, toa moja. Bao moja likijazwa hivyo, jumla inakuwa 4,294,967,295. Tukiunganisha mabao mawili, tukaongeza mashimo matatu tu ya bao la tatu, tunapata mashimo sitini na saba, na jumla ya kete zake ndiyo nambari niliyoiandika hapo juu. Mtu akizihesabu kete hizo moja kila sekunde, usiku na mchana bila kupumzika, angehitaji zaidi ya miaka trilioni nne. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kilifurika zamani.

Kwa Kiswahili nambari hiyo husomeka hivi: kwintilioni mia moja arobaini na saba, kwadrilioni mia tano sabini na tatu, trilioni mia tisa hamsini na mbili, bilioni mia tano themanini na tisa, milioni mia sita sabini na sita, elfu mia nne kumi na mbili, mia tisa ishirini na saba. Anayeisoma kwa utaratibu husikia ndani yake historia ya lugha yetu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba, tisa, ishirini, mia na elfu zilitoka katika Kiarabu. Milioni na nduguze walitoka Ulaya, na laki, tunayoiita mia elfu, ilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Kabla ya tisa kutamalaki palikuwa na kenda, neno ambalo bado limo katika jina la Wamijikenda, watu wa miji tisa. Hata upatanisho wa kisarufi umehifadhi kumbukumbu hiyo: twasema watu watano na watu wanane, lakini watu sita, watu saba na watu tisa, kwa sababu maneno yaliyokuja na wageni hayakukubali viambishi vyetu. Ninayataja haya ili ionekane mapema kwamba majina ya nambari hayakushuka kutoka mbinguni. Yalichaguliwa, yakaazimwa, na mengine yakaachwa.

Tuirudie nambari yetu. Swali lililowashughulisha wanahisabati wa Ulaya kwa muda mrefu lilihusu hizo jumla za kete: 3, 7, 15, 31, 63, 127 na kuendelea. Zipi kati yake ni tasa? Ilijulikana kwamba ikiwa idadi ya mashimo si tasa, jumla nayo haiwezi kuwa tasa. Mashimo sita, kwa mfano, huleta 63, ambayo ni 7 mara 9. Lakini kinyume chake si kweli. Mashimo kumi na moja ni idadi tasa, ilhali jumla yake, 2,047, hupatikana kwa kuzidisha 23 kwa 89.

Mwaka wa 1644, mtawa wa Kikatoliki aitwaye Marin Mersenne, aliyeishi Paris na kuandikiana barua na wanazuoni wengi wa zama zake, alichapisha kitabu ambamo alitoa orodha. Alidai kwamba, tukiishia kwenye mashimo 257, jumla zilizo tasa ni zile za mashimo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, basi. Kwa zile kubwa hakutoa uthibitisho, na kwa zana za wakati wake asingeweza kuutoa. Hata hivyo, orodha yake ilidumu. Mwaka wa 1772 Leonhard Euler alithibitisha kwamba ile ya mashimo 31, yaani 2,147,483,647, ni tasa kweli, kama mtawa alivyosema. Nambari hizo zikapewa jina la Mersenne, na jina hilo zinalo hadi leo. Ile ya 67 ikabaki katika orodha ya tasa, si kwa sababu mtu aliipima, bali kwa sababu mtu mwenye heshima alikuwa ameitaja.

Wahenga wetu walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii hutumiwa kuupa uvumi uzito wa ukweli. Nambari ya mashimo 67 ilisemwa kuwa tasa kwa miaka 232, na jambo lililosemwa halikuwapo, wala halikuwa njiani kuja.

Aliyelifichua hilo ni Mfaransa Édouard Lucas, mwaka wa 1876. Lucas alibuni njia ya kuipima nambari ya aina hii bila kuitafutia vigawo vyake. Njia hiyo, katika umbo iliyolipata baadaye mikononi mwa Mmarekani Derrick Henry Lehmer, yaweza kufuatwa na yeyote anayejua kuzidisha. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, utoe 2: unapata 14. Fanya hivyo tena: unapata 194. Tena: unapata 37,634. Ukitaka kuipima jumla ya mashimo matano, ambayo ni 31, tazama nambari ya nne katika mfululizo huo. Gawanya 37,634 kwa 31, nawe utapata 1,214 kamili, bila baki. Basi 31 ni tasa. Kwa mashimo 67 hutazamwa nambari ya sitini na sita katika mfululizo, na hapo baki huwapo. Lucas alifikia uamuzi kwamba nambari hiyo si tasa. Mwaka huohuo alithibitisha kwamba ile ya mashimo 127, yenye tarakimu 39, ni tasa kweli, na hakuna namba tasa kubwa kuliko hiyo iliyojulikana hadi mwaka wa 1951. Utafiti wa waliomfuata ulidhihirisha kwamba hata ile ya 257 si tasa, na kwamba Mersenne aliziacha nje tatu zilizostahili kuwamo: ile ya 61, iliyothibitishwa mwaka wa 1883, ile ya 89 mwaka wa 1911, na ile ya 107 mwaka wa 1914.

Jambo linalomshangaza mtu wa fasihi ni hili: Lucas alijua kwamba nambari ile inagawanyika, wala hakujua inagawanyika kwa nini. Alikuwa na uthibitisho wa kuwapo kwa vigawo ambavyo hakuna jicho lililokuwa limeviona. Hali hiyo iliendelea kwa miaka 27.

Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani mjini New York, alisimama Profesa Frank Nelson Cole wa Chuo Kikuu cha Columbia. Husimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kutamka neno. Upande mmoja alizidisha mbili kwa mbili hadi akafikia kipeo cha 67, akatoa moja. Kisha akahamia upande wa pili, akaandika nambari mbili, 193,707,721 na 761,838,257,287, akazizidisha kwa mkono, mstari baada ya mstari. Majibu ya pande mbili yalipolingana, alirudi akaketi, bado kimya, nao waliohudhuria wakampigia makofi. Husimuliwa pia kwamba alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu kuwa ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Aliyekieneza kisa hiki ni mwanahisabati Eric Temple Bell, msimulizi hodari, na mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi anajua kwamba kisa kizuri kiasi hiki huenda kiliongezewa chumvi njiani. Vigawo, hata hivyo, havitegemei msimulizi.

Msomaji mwenye kalamu na karatasi anaweza kuanza kujihakikishia papa hapa. Jumlisha tarakimu za 193,707,721: utapata 37, jumlisha 3 na 7, upate 10, jumlisha tena, upate 1. Fanya hivyo kwa 761,838,257,287: utapata 64, kisha 10, kisha 1. Moja mara moja ni moja. Sasa jumlisha tarakimu ishirini na moja za nambari yetu kubwa: utapata 109, kisha 10, kisha 1. Kipimo hiki peke yake hakitoshi kuwa uthibitisho, lakini zisingelingana, tungejua kwamba kuna kosa. Ipo pia kanuni ijulikanayo tangu enzi za Pierre de Fermat, katika karne ya kumi na saba: kigawo chochote kilicho tasa cha jumla ya namna hii huzidi kwa moja kigawe cha mara mbili ya idadi ya mashimo. Kwa mashimo 11, mara mbili yake ni 22. Nayo 23 ni 22 na moja, na 89 ni 22 mara nne na moja. Kwa mashimo 67, mara mbili yake ni 134. Nayo 193,707,721 ni 134 mara 1,445,580, na moja. Kwa hiyo hata mtu aliyeijua kanuni hiyo angekuwa na nambari zaidi ya milioni moja za kupekua kabla ya kukifikia kigawo kilicho kidogo. Ndiyo maana Cole alihitaji mbinu nyingine juu ya hiyo, na Jumapili nyingi. Siku hizi kompyuta ya kawaida huvipata vigawo hivyo kabla chai haijapoa, na mnamo Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya aina ya Mersenne yenye kipeo cha 136,279,841 na tarakimu 41,024,320.

Hadi hapa nimelitumia neno tasa kama vitabu vinavyolitumia. Sasa nataka kulihoji.

Katika hisabati ya Kiswahili, matokeo ya kuzidisha huitwa zao. Twasema zao la 3 na 5 ni 15. Kila mwanafunzi wa mofolojia anaona mzizi wa neno hilo: zao hutokana na kuzaa. Kwa mujibu wa lugha yenyewe, basi, 15 imezaliwa, na wazazi wake ni 3 na 5. Lakini 3 na 5 ni namba tasa! Lugha ileile, katika ukurasa uleule, inawaita wazazi hao tasa na kumwita mtoto wao zao. Wala si 3 na 5 peke yake. Wanahisabati wamethibitisha kwamba kila nambari iliyo kubwa kuliko 1 ama ni tasa ama ni zao la tasa, na kwamba zao hilo hupatikana kwa tasa walewale daima, hata ukibadilisha mpangilio wao. Kumi na mbili ni zao la 2, 2 na 3, wala hakuna tasa wengine watakaoileta. Ukiziondoa namba tasa, hakuna nambari nyingine itakayozaliwa kwa kuzidisha. Zilizoitwa tasa ndizo zilizozaa zote.

Istilahi hii inaitazama nambari kwa upande wa kugawanya. Nambari ikigawanywa isitoe kitu, inaonekana haina kitu. Upande wa kuzidisha haukutazamwa, ingawa huko ndiko kulikokuwa na uzao. Lugha nyingine zilitazama kwingine. Wagiriki wa kale, akiwamo Euclid, waliziita nambari za kwanza. Kilatini kikafuata mkondo huohuo, na jina la Kiingereza lina maana hiyohiyo. Waarabu huziita za awali. Walioziita hivyo waliona kwamba hizi ndizo zinazotangulia, na nyingine hufuata.

Msomaji huenda akauliza kwa nini jambo hili linanigusa kiasi hiki. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikaa katika ndoa miaka tisa bila kupata mtoto, akarudishwa nyumbani. Alianza biashara ya maziwa na mboga, na kwa faida yake walisomeshwa watoto wanne wa ndugu zake, mimi nikiwa wa mwisho. Karo yangu ya shule ya upili, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, ilitoka katika kitambaa alichokifunga kiunoni. Babu alipofariki, wazee wa ukoo walikutana kuligawa shamba. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, nikiwahudumia chai. Mzee mmoja aliuliza shamba ni la nini kwa tasa, ilhali hana wa kumrithi. Hakuna aliyemjibu. Shangazi alipewa mahali pa kujenga chumba kimoja, na mahali pa banda la ng'ombe. Jioni ile aliniita, akaniambia, "Mwanangu, kesho ni siku ya shule, kalale." Alikuwa ameniita mwanangu maisha yangu yote, wala hakuna mzee aliyewahi kumkosoa kwa hilo.

Wazee wale hawakuwa na chuki naye. Walifanya walichokifanya walioirudia orodha ya Mersenne: walilipokea neno kwa kuwa lilikuwa limekwisha kutamkwa, na wakalipima kwa upande mmoja tu. Walitazama kilichotoka tumboni mwake. Kilichotoka mikononi mwake kilikuwa kimekaa mbele yao, kikiwamiminia chai. Na neno halikuishia kuwa neno, kwani lilipimwa kwa ekari.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwa sababu nimelisikia kutoka kwa wenzangu katika semina. Wanasema istilahi ni istilahi. Mtoto wa Dodoma akitaja namba tasa hamfikirii shangazi ya mtu, kama vile anayetaja namba witiri hafikirii sala ya usiku yenye rakaa zisizogawanyika kwa mbili. Sitiari ikizoeleka hufa, na sitiari iliyokufa haimdhuru mtu. Wanasema pia kwamba istilahi iliyokwisha kuenea katika vitabu na mitihani ya taifa zima haiondolewi kwa sababu ya hisia za mwanafunzi mmoja wa nchi jirani.

Pingamizi hili lina uzito, nami siwezi kulipuuza. Kuhusu vitabu na mitihani, nakubali kwamba gharama ipo. Kuhusu kifo cha sitiari, sikubaliani. Sitiari hufa pale neno linapokuwa limeiacha maana yake ya awali. Tasa halijaiacha. Neno lilelile lililo katika kitabu cha hisabati asubuhi husikika katika ugomvi wa mtaani jioni, na katika kikao cha urithi mwaka unaofuata. Sitiari iliyo hai hufanya kazi kwa pande zote mbili: mwanamke huipa nambari jina lake, na nambari humrudishia mwanamke uthibitisho kwamba jina hilo ni la kisayansi. Fauka ya hayo, hoja yangu haisimami juu ya hisia peke yake. Istilahi nzuri humsaidia mwanafunzi kuielewa dhana, na hii humwelekeza asikotakiwa kwenda. Mtoto anayefundishwa kwamba 7 ni tasa, kisha akafundishwa kwamba 21 ni zao la 7 na 3, amefundishwa mambo mawili yanayopingana, na lugha ndiyo iliyoyapinganisha.

Nini basi kifanyike? Kiswahili kinalo tayari neno awali, tulilolipokea kutoka katika mzizi uleule ambao Waarabu wanautumia kwa dhana hii. Namba awali ni jina fupi, linatamkika, na linasema kweli: hizi ndizo zinazotangulia, na nyingine ni mazao yake. Huenda wataalamu wa istilahi wakapata jina bora kuliko hilo. Kenda iliipisha tisa na hisabati haikuharibika. Lugha iliyoweza kubadilisha jina la idadi nzima haiwezi kushindwa kubadilisha kivumishi. Ninachoomba kwa chama chetu ni kwamba, katika makongamano yetu ya kila mwaka, tuitengee istilahi za sayansi nafasi kama tunayoitengea riwaya na ushairi. Aghalabu tunalalamika kwamba Kiswahili hakipewi nafasi katika sayansi. Tukipewa nafasi hiyo kesho, tutaingia na maneno gani?

Imebaki sifa moja ya nambari yetu ambayo sijaitaja. Baada ya Cole kuipata 193,707,721, mtu angeweza kuuliza kama nayo inagawanyika. Haigawanyiki. Vivyo hivyo 761,838,257,287 haigawanyiki. Kwa istilahi iliyopo, zote mbili ni namba tasa. Basi nambari ile ambayo kwa miaka 232 ilidaiwa kuwa tasa ina wazazi wawili, wala haina wengine, nao wote wawili ndio tunaowaita tasa.